Farasi wa Bahari Huku Shirere

Baba alipostaafu pwani, majirani wetu hapa Shirere, Kakamega, walitoka nje kuangalia ameleta nini. Mtu akikaa pwani miaka yote hiyo, watu wanatarajia makochi, ama friji kubwa, ama hata bibi mwingine. Baba alishuka akiwa amekumbatia tangi ya kioo kama mtoto. Nyuma yake nilikuwa mimi, nilikuwa nimeenda kumpokea stendi, nimebeba ndoo ya maji imefungwa na karatasi ya nailoni. Ndani ya hiyo ndoo kulikuwa na farasi wawili wa bahari, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati.

"Sasa hawa ndio pensheni?" jirani mmoja akaniuliza.

"Hawa ndio marupurupu," nikamwambia. "Pensheni inakuja na miguu."

Baba alikuwa anafanya kwa hoteli moja ya wageni, kazi ya kuosha matangi ya samaki wa kuangaliwa. Huku kwetu ukimwelezea mtu hiyo kazi, anangoja umalize. Wa kuangaliwa, halafu? Halafu basi. Hakuna kukaanga. Hoteli ilipofungwa, wafanyakazi waligawana vitu, wengine magodoro, wengine masufuria. Baba akachukua hawa wawili, mume na mke, juu hakuna mtu mwingine alikuwa anawataka. Walizaliwa hapo hapo kwa tangi ya hoteli. Bahari hawakuwa wameiona. Hata mimi bado.

Wacha nikuambie ukweli, ndio usione farasi wa bahari kwa simu ukaanza kutamani. Huyo mnyama hana tumbo. Chakula inaingia mdomoni, inapita moja kwa moja, inatokea nyuma, haikai mahali. Kwa hivyo anataka kula asubuhi, mchana na jioni, na bado anakuangalia kama umemnyima. Halafu ati ni samaki na hajui kuogelea vizuri. Maji ikienda mbio kidogo anabebwa kama karatasi, lazima pampu iwe ya upole. Anataka kitu ya kushika na mkia, ndio atulie. Baba alikuwa amewawekea kamba ya manila yenye mafundo, na hapo ndio walikuwa wanashindanga, kama watu wamekaa kwa kituo na gari haiji. Samaki mwingine huwezi kumchanganya nao. Farasi anakagua chakula kwanza, anazunguka, anaangalia huku na huku kama mtu wa kuchagua mtumba. Akiamua, mwingine ameshamaliza.

Chakula yenyewe ilikuwa kamba, si ya kufunga, wale wa baharini, wadogo sana, wa kugandishwa, wanatoka pwani kwa basi ndani ya boksi ya barafu. Mzee mmoja rafiki ya Baba, mwenye walikuwa wanafanya kazi pamoja, ndio alikuwa anatuma.

Lakini kesi kubwa ni maji. Maji ya mfereji iko na dawa, inaua. Tulikuwa tunakinga ya mvua, inakaa, halafu tunaweka chumvi ya baharini, ya pakiti, nayo pia kutoka pwani. Chumvi ya duka hapana, juu hiyo imeongezwa dawa ya kuzuia shingo kufura. Sasa hiyo maji ikipungua na jua, chumvi haiendi na maji, inabaki. Kwa hivyo ukiongeza, unaongeza maji tamu, ile haina chumvi. Hiyo peke yake ilinichukua mwezi kuelewa, na darasa la nane mimi ndio nilikuwa naitwanga kichwa ya hesabu.

"Ukimaliza kucheka, pima chumvi," Baba alikuwa ananiambianga. Hakuwa mtu wa maneno mingi. Alikuwa anafundisha kwa kukunyang'anya kitu mkononi.

Kitu moja tu ya Kakamega ndio farasi walipenda: baridi. Pwani walikuwa wanasumbuka na joto. Hapa walinona.

Halafu mwaka jana Baba akaanguka.

Ilikuwa asubuhi. Amesimama mbele ya tangi na kikombe ya kuongezea maji. Mimi niko nje natengeneza smoki, zile soseji za moshi, za kuuza kwa geti ya wanafunzi. Nikasikia kikombe imeanguka. Nikapiga kelele, "Mzee, umeshindwa na kikombe?" Hakujibu. Nikachanja smoki mbili zilikuwa zimebaki, nikazipanga, ndio nikaingia. Hizo mbili nazikumbukanga.

Stroki ilichukua upande wa kulia na maneno yote. Tulitoka hospitali, nikaweka kitanda yake sebuleni, imeangalia tangi. Si mapenzi, ni nafasi. Chumba ya kulala mlango ilikuwa nyembamba.

Nesi alinieleza vizuri, mara tatu, juu alikuwa ananiona nikiangalia ukuta. Baba alishwe uji mzito, akiwa ameketishwa wima. Asilazimishwe. Afungue mdomo mwenyewe, juu ukimlazimisha inaingia kwa mapafu na hiyo itammaliza. Na asipokula, arudishwe, awekewe mrija kwa pua.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

Nikarudia. Sauti ilitoka sawa. Watu walikuwa wananiambia pole, nasema asante, kama mtu amenikanyaga kwa foleni. Nilikuwa nangoja nilie, siku zinaenda, machozi hakuna. Sikuwa jasiri. Nilikuwa tu kama mguu umekalia vibaya ukafa ganzi, unauona ni wako na hausikii.

Siku mbili za kwanza nyumbani Baba hakufungua mdomo. Naleta kijiko, anaangalia kijiko. Nasema aaa, kama mtu wa meno. Hakuna. Siku ya tatu nikachoka. Nikaweka bakuli ya uji chini, nikaenda kulisha farasi, juu wao hawakuwa na stroki na walikuwa wananiangalia. Nikavuta wale kamba wadogo kwa bomba ya sindano, nikawashushia polepole.

Sasa farasi wa bahari akikula anatoa mlio. Ananyonya mara moja na hiyo pua yake ndefu, unasikia tik. Kama mtu amewasha swichi. Yule mume akafanya tik. Nikageuka kuchukua kitambaa, nikaona Baba amefungua mdomo.

Nikaweka kijiko. Akameza.

Farasi tik, Baba kijiko. Tik, kijiko. Bakuli ikaisha. Kutoka hiyo siku hivyo ndio tulikuwa tunakula kwa hiyo nyumba. Mkono moja bomba, mkono ingine kijiko. Farasi wakikataa, Baba anakataa. Daktari hakuandika hiyo kwa karatasi lakini mimi ndio nilikuwa hapo.

Senje, dada ya Baba, akaja kutoka Khwisero kutusaidia. Alikuja na kuku mbili, gunia ya majani ya kunde, na chungu yake, na akaangalia tangi kabla hata hajaangalia mgonjwa.

"Hii ni nini?"

"Farasi, Senje."

"Mimi nimeona farasi. Hii iko na kichwa ya farasi, mkia ya nyoka, na tumbo kama ya bibi ya pasta. Na mmeweka kwa nyumba ya mtu mgonjwa?"

"Senje, hata wewe umeingia na hatujasema kitu."

Akanipiga na leso. Halafu akainama akaangalia vizuri. "Huyu wa tumbo kubwa ndio mama?"

"Huyo ndio baba. Kwao mwanaume ndio anabebanga mimba."

Senje alikaa chini kwanza. "Ati nini?"

"Bibi anamwekea mayai kwa mfuko hapo mbele, anaenda zake. Mwanaume anabeba mpaka anazaa."

"Uchungu pia?"

"Na uchungu."

"Wololo." Alicheka mpaka akashika kitanda ya Baba. "Hii kitu ingefika Khwisero mapema! Wanaume wote wangehama wakaenda kuishi msituni Buyangu na nyani."

Baba alikuwa anamwangalia. Nadhani alikuwa anacheka, lakini ile upande ilibaki ya kucheka ilikuwa ndogo.

Basi Senje akampenda yule mume. Akamwita Mzazi. Akiamka anasalimia ndugu yake, halafu anapita kwa tangi: "Mzazi, umelalaje?" Anaongea na yeye juu ya mgongo, juu ya miguu kufura, na huyo hana miguu. Nilimwonyesha venye kila asubuhi yule bibi anakujia mume, wanazunguka pamoja, wanabadilisha rangi kidogo, halafu kila mtu anashika fundo yake ya kamba. Senje akasema, "Huyo ni bibi ako na adabu. Anakuja kujulia hali." Mara ya kwanza alikuwa anaogopa kuweka mkono hata karibu na kioo. Baada ya wiki mbili alikuwa anaipangusa na aproni yake.

Halafu basi zikasumbua, kamba wakakosa. Mzee wa pwani akaniambia kwa simu, "Mwanangu, watafutie viluwiluwi vya mbu. Watakula, maadamu wako hai na wanacheza."

Nikatoa tairi kuukuu nyuma ya nyumba, nikamwaga maji ndani, nikangoja. Na mvua ya huku haikuhitaji kubembelezwa, kila saa nane iko. Kwa siku chache tairi ilikuwa imejaa vijidudu vya kurukaruka. Wale wanafunzi wamepanga hapo nyuma wakaniona nikivua na kichujio ya chai.

"Boss, unafanya nini?" mmoja akaniuliza.

"Nalisha farasi."

"Wewe ndio mtu wa kwanza nimeona anafuga malaria."

"Kuna wenye wanafuga njaa," nikamwambia, "na wanakuja kukopa smoki kwangu." Akarudi kwa chumba yake, juu ilikuwa yeye.

Senje alikuwa ananiangalia nikibeba viluwiluwi asubuhi, mchana, jioni. Siku moja akaniambia: "Wewe unachekesha watu wote kwa hii ploti. Mbona ukiingia ndani unakuwa kama umezimwa?"

"Naokoa stima," nikasema.

Hakucheka. Akaendelea kuchambua kunde.

Chumvi ya pakiti nayo ikaisha. Hiyo haikuwa na shida sana, juu chumvi unahitaji tu ukibadilisha maji, na nilikuwa nimebadilisha juzi yake. Lakini nilimwambia Senje, na nilimwambia vizuri, kidole imesimama: "Hii maji ni ya chumvi, lakini usiwahi kuweka chumvi ya duka. Iko na dawa. Itawaua."

"Hata mimi siipendi," akasema. "Inaharibu mboga."

Nilimwambia habari ya chumvi ya duka. Habari ya maji tamu sikumwambia. Niliona ni mambo mingi.

Asubuhi moja nikapigiwa simu na watu wa vifurushi kwa stendi ya basi, ati boksi yangu imefika. Nikakimbia, juu barafu hainangi subira. Kumbe simu ilikuja kabla ya basi yenyewe. Basi ilikuwa imekwama mahali njiani. Nikakaa hapo kwa kibaraza mpaka saa tisa, mvua ikanipata hapo, boksi ikafika imelegea pembe zote. Ndani kulikuwa na kamba, na pakiti mbili za chumvi ya bahari. Nikapanda boda nikiwa nimeshika boksi kifuani.

Senje alikuwa kwa mlango.

"Nimekusaidia," akasema. "Maji yao ilikuwa imeshuka vidole mbili. Nikaona Mzazi atabaki hewani na hiyo tumbo."

"Ukaweka maji gani?"

"Si ulisema ni ya chumvi? Na chumvi ya duka hapana. Nikawawekea mushereka. Safi kabisa, nimechuja mara mbili. Hata mwenye mimba inamfaa, inalainisha."

Mushereka ni maji ya majivu. Unachoma maganda ya maharagwe yamekauka, unaweka hayo majivu kwa chungu yenye iko na matundu chini, unamwaga maji juu, inatona polepole ikiwa rangi ya chai. Ukipikia kunde ama mrenda, mboga inalainika yenyewe. Mimi nimelelewa na hiyo. Kwa Senje hiyo ndio chumvi ya ukweli, ya duka ni ya watu hawana wakati. Alikuwa amemwaga jagi mzima.

Nilipita nikaingia. Maji ilikuwa imekuwa kama maji ya kuosha kikombe ya maziwa. Mzazi alikuwa chini, amelalia upande, mfuko wake wa tumbo umefura. Bibi yake alikuwa ameshika mpira wa pampu na mkia, anahema haraka haraka. Baba alikuwa anawaangalia. Sijui alikuwa amewaangalia kwa muda gani. Mkono wake wa kushoto, ile mzima, ilikuwa imetoka kwa blanketi, imenyooka upande ya tangi.

Nikapiga simu pwani na mkono moja, na ingine nakoroga chumvi kwa ndoo.

"Umetia nini humo ndani, mwanangu?"

"Maji ya majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya maharagwe."

Kwa simu nikasikia huko nyuma yake mtu anaita mteja.

"Basi toa maji nusu," akasema, "utie mapya, lakini taratibu, taratibu sana. Usiwashtue. Huyo wa kiume kalala chini?"

"Ndio."

"Ana mimba?"

"Ndio."

"Haya," akasema. "Huyo wa kike umhangaikie."

Mzazi alikufa kabla jua haijaenda. Mfuko ulifunguka kidogo na watoto wakatoka, wadogo kama vipande vya uzi, hakuna mmoja alicheza. Nikawatoa wote na kichujio ya chai. Nikaweka kwa kopo ya majarini, nikaenda nyuma kwa ndizi na jembe. Kwetu kuna upande wa kuzika mwanaume na upande wa kuzika mwanamke. Huyu mwanaume wa kuzaa sikujua wake ni upi. Nikamweka katikati. Nilisimama hapo kidogo nikijisikiliza. Hakuna kitu. Nikarudisha jembe.

"Ni nini imemuua?" Senje akaniuliza jikoni.

"Joto."

"Joto. Na hii mvua yote?"

"Joto ya ndani, Senje."

Akaniangalia, akageuza sufuria. Chungu yake ya mushereka kesho yake sikuiona mahali inawekwanga.

Yeye ndio alifunika tangi na leso. "Mgonjwa haambiwangi kifo," akasema kwa sauti ya chini. "Unaweza kumuua na mdomo. Ataambiwa akipona. Wewe sema wamelala."

Nikasema wamelala. Baba akaangalia leso. Ilikuwa ya maua nyekundu. Kwa siku nne aliangalia hayo maua na hakufungua mdomo.

Bibi alibaki, lakini naye alikuwa amekataa kula. Nilikuwa nainua pembe ya leso, naingiza bomba, nashusha kamba mpaka wamguse pua. Anageuza kichwa. Asubuhi alikuwa anaachilia mpira, anazunguka pale kwa kamba ya manila peke yake, anarudi. Nikamletea viluwiluwi hai, wa kucheza. Wakacheza mpaka wakachoka.

Kwa hivyo nilikuwa na wawili hawakuli. Natoka kwa huyu naenda kwa huyu. Siku ya pili nikajaribu ujanja. Nikaketi nyuma ya kitanda ya Baba, nikafanya tik na ulimi. Baba akageuza kichwa polepole, akaniangalia. Nikafanya tena, tik, na kijiko iko tayari. Akafunga mdomo zaidi, mpaka midomo ikawa mstari. Hata kama hana maneno, nilitukanwa.

Nilikuwa nampatia maji tone tone kwa shavu. Akawa mwepesi, nikimgeuza nasikia mifupa. Nikampigia nesi. Akasema nisingoje tena, kesho asubuhi niende naye, awekewe mrija. Nikatafuta mtu wa gari, akasema saa nne atakuwa kwa geti.

"Na akiwekwa mrija?" Senje akauliza.

"Atakula."

"Hiyo si kula," akasema.

Asubuhi hiyo ya gari nikainua leso, nikakuta bibi amekufa. Bado mkia ulikuwa umeshika mpira wa pampu, ikabidi niukunjue na vidole, pole pole, kama kufungua ngumi ya mtoto. Nikampeleka kwa ndizi. Nikarudi, nikaosha mikono, nikaketi jikoni. Senje alikuwa anakoroga uji hata kama tulijua Baba hatakula.

"Mwingine pia?"

"Pia."

"Usimwambie," akasema. "Si leo. Leo anaenda hospitali."

Mama yangu alikufa nikiwa darasa la sita. Hakuna mtu aliniambia. Walisema amehamishwa hospitali kubwa, nikasema sawa, nikaenda shule, nikapiga watu story huko, nikachekesha darasa mzima. Saa kumi narudi, nikiwa bado barabarani, nikaona viti vya plastiki vya matanga vinashushwa kwetu. Vyeupe, vimebebana. Mimi niliambiwa na viti. Sijui kama ni hapo ndio nilizimika. Lakini najua hivyo viti niliviangalia vile Baba alikuwa anaangalia hiyo leso.

Nikachukua bakuli ya uji, nikaenda sebuleni. Senje akanifuata mpaka mlangoni na mwiko yake.

Nikatoa leso. Nikaikunja, nikaiweka kwa kiti. Tangi ilikuwa safi, maji imerudi kuwa ya kuona, mafundo ya kamba yanacheza polepole, na hakuna mtu. Nikaketi kwa kitanda mahali Baba anaweza kuona mdomo wangu.

"Baba," nikasema. "Farasi wamekufa. Wote wawili. Yule mume alikufa siku ile nilienda stendi, na watoto wake. Bibi amekufa leo. Nimewazika kwa ndizi. Maji iliharibika. Mimi sikuwa hapa, na sikuwa nimefundisha mtu vizuri."

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Ni kama nilikuwa naagiza mkate.

Baba aliangalia tangi. Aliiangalia kutoka pembe moja mpaka ingine, chini kwa mchanga, juu mahali maji inaishia, kama mtu anakagua kazi. Mkono wa kushoto ukatoka kwa blanketi.

"Ni mimi niliweka mushereka," Senje akasema kwa mlango. Kwanza alisema kwa Kiluhya, halafu akarudia kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda ndio mimi pia nisikie kabisa. "Mwana wa mama, ni mimi. Huyu ananifichia. Nilidhani ni chumvi tu kama chumvi. Nilikuwa nampenda yule Mzazi."

Akaanza kulia, mwiko mkononi, uji inatonea sakafu. Mimi nikamwangalia. Nilimwonea wivu kidogo.

Mkono wa Baba ulikuwa umefika kwa bega yangu. Haukunipapasa, ulikaa tu hapo, mzito. Pampu ilikuwa inanguruma na haikuwa na mtu wa kumhudumia. Nikanyoosha mkono nikazima. Tangu Baba aje kutoka pwani hiyo nyumba haikuwa imewahi kunyamaza hivyo. Hata Senje alisimamisha kulia akasikiliza.

Nje gari ikapiga honi kwa geti.

Baba akafungua mdomo.

Sijui kama alikuwa anataka kusema kitu. Niliangalia ulimi wake ukisukuma, ukitafuta mahali pa kushika. Nikangoja. Nesi alisema tusilazimishe, nikangoja mpaka honi ikalia mara ya pili. Neno haikukuja, na mdomo haukufungwa. Nikachota uji nusu kijiko, nikaweka upande wa kushoto.

Akameza.

"Mwambie mwenye gari angoje," nikamwambia Senje. Akaokota leso ya maua kwa kiti, akaenda akipangusa uso nayo.

Nikachota kingine.